Gauni Lisilokwisha

Siku likizo ya uzazi ya mkwewe ilipokwisha, Bi Tarumbeta alilishusha kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaliweka mezani na kuligeuza mpaka yule mtoto mnene wa kwenye picha akatazamana na mlango.

"Mwanangu, nenda kazini kwa amani," akasema. "Mimi nimelea wanne na wote wana vitambi."

Mkwewe alikuwa amesimama kizingitini, mkoba begani, blauzi imembana kifuani. "Mama, tulikubaliana asipewe kopo. Maziwa nimekamua, yako kwenye kikombe chenye kifuniko. Mpe kidogo kidogo."

"Nimesikia."

"Mama."

"Nimesikia, nimekwambia! Mimi ni mkweo, si kiziwi."

Jirani wa nyumba ya tatu naye alisikia. Ndiyo sababu mtaa ulimwita Bi Tarumbeta. Mama huyu akikohoa chumbani kwake, watu wa barabarani humpa pole. Habari ikimfikia asubuhi, mchana imeshaota miguu, imevalishwa nguo za kutokea na inatembea yenyewe. Baraza yake haikukauka watu, na chai yake haikukauka birikani, kwa kuwa aliamini kwamba jambo asilolisikia mtu mwingine ni kama halijatokea.

Mkwewe naye kule kazini aliitwa Fundi Kola. Katika karakana nzima ya ushonaji hapakuwa na mwingine awezaye kuilaza kola ya shati ikatulia kama imeotea pale pale shingoni. Na mtoto, mvulana wa miezi mitatu, walimwita Mheshimiwa. Alikuwa na kipara na kitambi, alisinzia wenzake wakizungumza, na akilia nyumba nzima ilisimama.

Mheshimiwa alikikataa kikombe. Alifunga mdomo, akageuza uso, na yale machache yaliyompenya akamrudishia bibi yake kifuani. Bi Tarumbeta alikuwa bado anajifuta Mama Pacha alipoingia. Huyu ni jirani na shoga yake wa siku nyingi, mama wa mapacha, mtu asiyeingia nyumba ya mwenzake bila kuchungulia kwanza sufuria.

"Shoga, mjukuu kapungua, au ni macho yangu?"

"Ni macho yako."

"Aa. Basi nikayapime." Akakaa. "Maana wangu wale, umri huu, ukimbeba mmoja unahema. Kopo tu, shoga yangu. Siri yote ilikuwa kopo."

Ulimi wa Mama Pacha haukuwa na haraka. Alilisema neno moja, akaliacha liive lenyewe, akanywa chai yake, akaenda zake. Alipofika nje ya lango Bi Tarumbeta alikuwa ameshabandua kifuniko cha kopo. Alichanganya kwa kukadiria, kama anavyokoroga uji, akamimina kwenye chupa yenye chuchu ya mpira. Mheshimiwa alisita, akaonja, akanywa, akalala kama gunia. Bibi akamtazama kitambi kinavyopanda na kushuka, akajisifu moyoni. Siku ile hakumwambia mkwewe. Wala siku iliyofuata.

Wiki haikwisha, mambo yakaharibika pande zote mbili. Mheshimiwa alianza kuhara, macho yakamdidimia, kitambi kikapotea kama kimeazimwa. Na Fundi Kola, ambaye jioni alikuwa akimpa mtoto titi na mtoto anageuka kwa kuwa ameshashiba chupa, alirudi kutoka kazini na homa, akalala akitetemeka chini ya shuka mbili, titi la kushoto limevimba, jekundu, gumu kama jiwe la kusagia.

*

Kliniki, walikaa kwenye benchi hadi zamu yao ikafika. Nesi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimkandamiza mtoto tumbo, akamvuta ngozi kidogo, akamtazama mama, kisha akauliza bila kuinua sauti:

"Nani amempa kopo?"

Bi Tarumbeta, ambaye hajawahi kukosa neno, alipata kazi ya kusoma tangazo la ukutani. Lilihusu kunawa mikono. Alilisoma lote, akaanza tena juu.

"Bibi, ninakuuliza wewe."

"Nilimwonjesha tu."

"Kuonja tu ndiko kumemfanya hivi?"

Fundi Kola aligeuza shingo polepole. Akamtazama mkwewe. Bi Tarumbeta angependelea kutukanwa.

"Sikiliza, Bibi," nesi akasema, huku akikoroga dawa ya kurudisha maji mwilini. "Mtoto huyu hadi afike miezi sita hahitaji kitu kingine chochote. Si kopo, si uji, si maji."

"Hata maji? Na joto hili?"

"Hata maji. Yamo humo humo kwenye maziwa ya mama. Mna chakula, mna maji, mna kinga ya kuhara na ya kifua. Hayachemshwi, hayachachi, hayachanganywi kwa kukadiria." Hapo alimtazama kwa juu ya miwani. "Na ukimjaza kopo, titi halinyonywi. Lisiponyonywa linajaa, linaziba, linavimba. Siku zinavyokwenda linaona halina kazi, linaacha kutengeneza. Unakuwa umewaumiza wawili kwa chupa moja."

"Sikujua kama na yeye..."

"Na yeye ananufaika. Anayenyonyesha damu ya uzazi hukatika mapema, tumbo hurudi mahali pake, na hatari ya saratani ya matiti inapungua. Hatumfanyii mtoto hisani peke yake hapa." Akamgeukia Fundi Kola. "Wewe nakupa dawa ya hilo titi, lakini dawa kubwa ni mtoto mwenyewe. Anyonye hilo hilo linalouma, mara kwa mara, mchana na usiku."

"Mchana nipo kazini, dada."

"Kamua huko."

"Nilijaribu. Choo chetu hakina komeo. Unashika mlango kwa mguu, unashika kikombe kwa mkono, mtu anagonga anauliza kama umelala. Hayatoki."

"Basi apelekwe huko."

"Bosi hataki mtoto wa mfanyakazi avuke mlango."

Nesi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. "Kwa hilo," akasema, "sina dawa kabatini."

Njiani kurudi, Fundi Kola alitembea mbele, mtoto kifuani. Alipofika kwenye kona alisimama akamsubiri mkwewe. "Nitaacha kazi, Mama. Sioni njia nyingine."

Bi Tarumbeta alijua maana ya maneno yale. Mwanawe, mume wa Fundi Kola, alikuwa fundi bomba, riziki yake ikitegemea mabomba ya watu kupasuka, na siku zile mabomba ya mji mzima yalikuwa yametulia kwa ukaidi. Kodi ya nyumba ilikuwa ikitoka kwenye kola.

"Huachi," akasema.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Huyo bosi wako. Mtoto wa mfanyakazi haingii. Na wa mteja je?"

Fundi Kola alifikiri. "Wa mteja anapewa pipi."

*

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye safu mbili za cherehani, meza ya kukatia, na kwenye kona ya mbali meza ya pasi iliyokuwa ikitoa mvuke tangu asubuhi. Mwenyewe alikuwa mzee mnene kiasi, mjane wa miaka mingi, asiyevua futi ya kupimia shingoni hata anapokwenda msibani. Wafanyakazi walimwita Bosi mbele yake na Mzee Futi nyuma yake. Sheria yake ya watoto ilikuwa na asili. Zamani mtoto wa fundi mmoja alitambaa hadi kwenye pasi. Tangu hapo alisema hapana, na neno lake likishatoka halirudi ndani.

Alikuwa pia na sheria ya zamani zaidi, aliyoirithi kwa aliyemfundisha kazi. Fundi atakayeishona nguo ndiye anayempima mwenye nguo. Na mwanamke akiingia kupimwa nyuma ya pazia, mwanamume hasogei hapo, awe bosi, awe nani.

Bi Tarumbeta aliingia amevaa vizuri kuliko siku ya harusi ya mwanawe, kitambaa cha zambarau kwapani, Mheshimiwa begani.

"Hodi! Nataka gauni!"

Cherehani mbili zilisimama kwa mshtuko.

"Karibu, Bi mkubwa, karibu," Mzee Futi akasema, mkono umeshafika kwenye chupa ya pipi. Akamwona mtoto hana meno, akairudisha. "Gauni la namna gani?"

"La kola."

"Gauni la kola?"

"Kuna sheria inayokataza?"

"Hapana, hapana. Fundi Kola! Njoo umpime mama."

Nyuma ya pazia palikuwa na kigoda, kioo na ndoano ya kutundikia nguo. Fundi Kola alikaa, akafungua vifungo, na Mheshimiwa akalivamia titi kwa sauti ya mtu anayekunywa mchuzi wa moto. Wote wawili wakatazamana kwa hofu. Bi Tarumbeta akafanya alichojaaliwa kukifanya.

"BEGA!" akapiga kelele. "Pima bega vizuri! Mimi bega langu moja limeshuka! Sasa KIFUA! Usikaze hiyo futi, unataka kuniua?"

Huko nje mafundi walikazana kukanyaga cherehani, vichwa vimeinama, mabega yakiwatikisika kwa kicheko. Walikuwa wameshaelewa kabla kiuno hakijafikiwa.

Tangu siku hiyo gauni la zambarau likawa na maradhi yasiyopona. Asubuhi lilibana kwapani. Mchana lililegea kwapani. Alasiri pindo lilipanda upande mmoja kama suruali ya mtu anayevuka tope. Kola ilifumuliwa, ikashonwa, ikafumuliwa. Kila safari pazia lilifungwa, Bi Tarumbeta akalalamika kwa sauti ya kufunika sauti nyingine, na Mheshimiwa akatoka amelala, shavu moja lina alama ya kifungo.

Titi la Fundi Kola likalainika. Homa ikaondoka. Mtoto akaacha kuhara na kitambi kikarudi kudai mahali pake. Chuchu ya mpira Bi Tarumbeta aliitupa mwenyewe jalalani.

*

Ila Mzee Futi hakuwa mjinga. Siku moja alisimama karibu na meza ya pasi, akakuna kidevu.

"Hivi yule mama ana tatizo gani? Nimeshona suti za mawaziri hazikusumbua hivi. Leo nitamwambia achukue gauni lake bure, aende."

Mwanamke wa pasi, mtu mzima mwenye mikono iliyojaa makovu ya moto na uso usiojua kudanganya, alihisi jasho likimtoka. Fundi Kola alikuwa kwenye cherehani ya mbele, mgongo umemganda. Likamtoka mwanamke wa pasi jambo la kwanza lililompitia kichwani:

"Jamani Bosi! Na wewe nawe! Mwanamke mzima ajipambe vile, aje hapa asubuhi, mchana na jioni, halafu unadhani amefuata gauni?"

Mzee Futi aliacha kukuna kidevu. "Amefuata nini?"

"Mimi ni mtu wa pasi tu, Bosi."

Kesho yake Mzee Futi alikuja kazini ananukia kiasi cha kuwafanya mafundi wapige chafya kwa zamu. Sharubu zilizokuwa za kijivu zilikuwa nyeusi, na sehemu ya weusi huo ilikuwa imehamia kwenye mdomo. Kwenye kigoda cha nyuma ya pazia paliwekwa mto wa kukalia.

"Mama," Fundi Kola alinong'ona mchana, mtoto akinyonya, "kuna jambo. Bosi anaamini unampenda."

"MIMI?" Pazia lilitikisika. "MIMI NIMPENDE... kola hii! Nani anaweza kuipenda kola hii! Ifumue!" Kisha kwa sauti ya chini kadiri alivyoweza, ambayo kwa mwingine ni sauti ya kuitia teksi: "Nani kamwambia?"

"Mwenzetu wa pasi. Ilibidi, Mama. Alikuwa akufukuze. Ukitaka tuache, tuache."

Bi Tarumbeta alimtazama Mheshimiwa. Mkono mdogo ulikuwa umeshika kidole cha mama yake, ukikibana na kukiachia, kukibana na kukiachia, kama mtu anayejaribu ubora wa embe sokoni.

"Anyonye," akasema. "Nimeshaitwa majina mengi."

*

Karakana ina milango, na mafundi wana ndugu. Siku si nyingi habari ilifika mtaani imeshavaa nguo za kutokea, na safari hii haikuwa ya mtu mwingine.

"Hongera, shoga," Mama Pacha akasema, hata hajakaa. Nyuma yake walikuwa majirani wengine, wote ghafla wana kiu ya chai. "Tunasikia kuna fundi cherehani anakupima."

"Anapima wengi. Ndiyo kazi yake."

"Ila wewe anakupima mara tatu kwa siku." Baraza nzima ikaangua kicheko. "Si dhambi, shoga! Tunataka tu kujua nguo ya sare tuanze kuinunua lini."

Bi Tarumbeta alicheka nao, kicheko chembamba kisicho chake. Maisha yake yote yeye ndiye aliyemwaga habari, wengine wakajikinga. Hakuwahi kujua upande wa pili unavyolowesha. Jibu lilikuwa mdomoni, fupi, lenye kuwanyamazisha wote: nampeleka mjukuu kunyonya. Lakini mdogo wake Mama Pacha alikuwa akiuza nyuzi na vifungo karakana ile ile. Kumwambia Mama Pacha jioni ni kumwambia Mzee Futi asubuhi, na Fundi Kola atakuwa nje kabla chai ya saa nne haijamiminwa.

"Sare ni zambarau," akasema. "Anzeni kujichanga."

Mwanawe alirudi na mkoba wake wa spana, uso umemshuka. "Mama, niko chini ya sinki ya watu, mwenye nyumba anainama ananiambia hongera kwa kupata baba. Najua unachokifanya ni kwa ajili ya mtoto wangu. Lakini baba, Mama? Na mimi nina ndevu?"

"Mwanangu, ukipata njia nyingine niambie."

Hakuwa nayo. Alikwenda kunawa mikono, akakaa bafuni muda mrefu.

*

Mkasa wenyewe ulitokea mchana mmoja, mafundi wote wametoka kwenda kula. Karakana ilikuwa kimya, cherehani zimefunikwa. Mzee Futi alimwona Bi Tarumbeta akiingia nyuma ya pazia na mtoto. Hakumwona Fundi Kola, ambaye aliingia kabla yake; Bosi alipohesabu mafundi wakitoka alifikiri naye amepita katikati ya kundi.

Mheshimiwa alikuwa anamalizia kunyonya waliposikia kikohozi nje ya pazia.

"Bi mkubwa," sauti ya Mzee Futi ikasema. "Usitoke. Nimekupa mgongo. Hivyo hivyo ndivyo nitakavyoweza kusema."

Fundi Kola akaziba mdomo kwa mkono. Bi Tarumbeta akabaki ameshika gauni la zambarau kama mtu aliyekamatwa nalo.

"Mimi si mtu wa maneno," sauti ikaendelea. "Ni mtu wa vipimo. Tangu mke wangu aondoke, nyumba yangu imenizidi, kama koti la kaka yako mkubwa. Kila siku nachemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, kimoja nakinywa, kimoja nakimwaga. Watu wanakusema una sauti kubwa. Mimi ninapoisikia mlangoni, ninasema sasa pamechangamka. Hizi sharubu... Hizi sharubu nimezipaka rangi kwa ajili yako, na ninajua hazijakaa vizuri. Nimeshasema. Nijibu ndiyo au hapana, na jibu lolote nitalishukuru."

 Kisha Mheshimiwa, ambaye alikuwa ameshiba, akapiga mbweu kubwa, nzito, ya mtu mzima aliyemaliza sahani mbili.

"Samahani," akasema Mzee Futi baada ya muda. "Hiyo ilikuwa ndiyo?"

Bi Tarumbeta angeweza kucheka mpaka machozi. Siku nyingine yoyote angecheka. Badala yake akamtazama mkwewe, ambaye uso wake ulikuwa umekwisha damu, akaona hakuna pa kujificha. Akalivuta pazia mwenyewe.

Mzee Futi aligeuka. Alimwona Fundi Kola kwenye kigoda, juu ya mto alioununua yeye, akifunga vifungo haraka haraka. Aliona maziwa shingoni mwa mtoto. Akatazama gauni, akatazama kola yake iliyofumuliwa, na mtu aliyeishi kwa kupima hakuchelewa kujumlisha.

"Mtoto wa nani?"

"Wangu, Bosi," Fundi Kola akasema.

"Na wewe?"

"Bibi yake," akajibu Bi Tarumbeta.

Mzee aliivua futi shingoni. Hakuna aliyewahi kumwona bila hiyo, na ghafla alionekana kama mtu aliyetoka bila shati. "Mmenichezea," akasema. "Ndani ya karakana yangu, na mafundi wangu wote wanajua. Fundi Kola, kusanya vitu vyako."

Fundi Kola alisimama na mtoto. Hapo ndipo Bi Tarumbeta alipofanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akilifanya. Alinong'ona.

"Mzee wangu, kaa kidogo. Tusikilizane kabla hawajarudi."

Sauti ile ndogo ilimshtua mzee kuliko kelele zote za kabla yake. Akakaa kwenye ukingo wa meza.

"Mafundi wako wanajua habari ya mtoto. Hili ulilolisema sasa hivi hawalijui. Tunalijua sisi watatu, na huyu wa nne hajaota meno. Maneno yako hayajanichekesha. Nataka ulijue hilo kwanza. Mimi pia chai yangu nyingi huwapa watu ili nyumba isinizidi."

Mzee aliikunja futi mkononi.

"Lakini mdomo wangu unaujua. Mji mzima unaujua. Mkwe wangu akitoka hapa leo bila kazi, mtoto huyu atarudi kwenye chupa, na chupa ilikaribia kumwondoa, kwa mkono wangu mimi mwenyewe. Nitakuwa na uchungu, na mimi nikiwa na uchungu huwa naongea. Nitaanzia kwenye sharubu."

"Unanitisha, Bi mkubwa?"

"Ndiyo," akasema kwa upole. "Ila akibaki kazini, na mtoto akaingia hapa nyuma ya pazia akanyonya akatoka, sina habari. Sikusikia kitu. Nilikuja kushona gauni."

"Wewe?" Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza tangu pazia lifunguke, na ndani ya aibu yake kukawa na udadisi wa kweli. "Wewe utaweza kunyamaza?"

Lilikuwa swali la haki. Fundi Kola mwenyewe alionekana kulisubiri jibu lake kwa wasiwasi.

"Sijawahi kujaribu," Bi Tarumbeta akakiri.

Nje zilisikika nyayo na vicheko vya mafundi wakirudi. Mzee alisimama haraka, akajivika futi, akajifuta mdomo wa juu kwa leso, akaitazama leso ilivyokuwa nyeusi, akaikunja akaificha mfukoni. Mwanamke wa pasi aliingia wa kwanza, akaona pazia wazi na mtoto mikononi mwa mama yake, akasimama pale pale, wengine wakamgonga mgongoni.

"Mnatazama nini?" Mzee Futi akafoka. "Nguo zinajishona? Huyu mtoto atakuwa akija kunyonya. Nyuma ya pazia, na akimaliza anatoka. Na wewe na pasi yako, nikimwona amefika hatua kumi karibu na hiyo meza, mtanieleza wote."

Akaenda kwenye meza ya kukatia, akaanza kuchora kwa chaki kitambaa ambacho kilikuwa kimeshachorwa.

*

Jioni ile baraza ya Bi Tarumbeta ilijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Mdogo wake Mama Pacha alikuwa ameshaleta nusu ya habari. Mtoto anaruhusiwa kunyonyea karakana, mwenye karakana ameonekana hana rangi ya sharubu, na Bi Tarumbeta alibaki naye mchana wakati hakuna mtu. Nusu iliyobaki walikuja kuichukua wenyewe.

Ndani, Fundi Kola alikuwa amejinyoosha mkekani, Mheshimiwa pembeni yake, wote wawili wamelala midomo wazi.

"Haya, shoga," Mama Pacha akavuta kigoda mpaka magoti yao yakagusana. "Tupo sisi kwa sisi. Ilikuwaje? Amebadilishwa na nini yule mzee? Alikwambia nini?"

 Hata mwenye kikohozi alikizuia.

Bi Tarumbeta aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwahi kupata hadhira kama hii, wala kuwa na habari kama hii. Chai ya watu wawili ilikuwa ulimini. Sharubu zilikuwa ulimini. Na ile mbweu, Mungu wangu, ile mbweu, angeweza kuiigiza hadi watu waanguke kutoka kwenye ngazi, angeisimulia mpaka Mheshimiwa aoe. Alifungua mdomo. Wote wakasogea.

Akaufunga.

"Hakusema kitu," akajibu, na sauti ikamtoka ndogo kama ya mtu mwingine. "Nani anataka sukari zaidi?"

Mama Pacha alimkazia macho. Akasubiri. Hakukuja neno lingine. Ndipo akanyanyuka taratibu, akamwekea shoga yake kiganja kwenye paji la uso, akakishikilia hapo, akawageukia wenzake kwa hofu.

"Jamani," akasema, "huyu anaumwa."